Mtu wa Kwenda Naye Makadara

Hospitali kwanza. Naliandika hili juu kabisa kwa sababu ndilo swali ninaloulizwa zaidi tangu nianze kujitolea kuwasindikiza manusura wa ubakaji hapa Mombasa. Mama anapiga simu usiku, sauti ameishusha ili walio chumba cha pili wasisikie, anauliza: "Tuanze polisi au Makadara?" Makadara ndivyo tunavyoiita hospitali yetu kuu, Coast General. Namjibu: Makadara, au hospitali yoyote ya serikali iliyo karibu nawe, na mtoke sasa hivi. Kituo cha polisi kitakuwepo hata kesho.

Kenya haina sheria inayomlazimisha aliyebakwa apitie polisi kabla ya kutibiwa. Wengi hawalijui hili, wakiwemo baadhi ya wale wanaokaa kwenye dawati la mapokezi. Nimeshaona mtu amerudishwa kutoka hospitali moja akaambiwa alete kwanza namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, naye akarudi nyumbani kulala kwa sababu hakuwa na nauli ya kwenda kote kuwili. Siku ya pili akaona haya. Siku ya nne ndipo alipopatikana mtu wa kwenda naye, na saa 72 zilikuwa zimekwisha.

Saa hizo 72 ni za dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, zile ziitwazo PEP. Zikianzwa ndani ya muda huo, na heri zianzwe mapema iwezekanavyo, zinaweza kuzuia maambukizi. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Tembe za dharura za kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, lakini kadiri muda unavyopita ndivyo zinavyopungua nguvu. Mgonjwa hupewa pia dawa za magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na sindano ya pepopunda kama kuna jeraha. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ambayo mswada wake ulipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge mteule, pamoja na kanuni za matibabu zilizotungwa chini yake, inataka huduma hizi zitolewe bure katika hospitali za umma. Ukiombwa pesa, uliza kwa upole ni za nini, na uombe risiti.

Makadara kuna kituo maalumu cha manusura tangu mwaka 2007, kilichoanzishwa kwa ushirikiano na ICRH Kenya, shirika la afya ya uzazi. Wazo lake ni zuri na ni jepesi kueleza: matibabu, vipimo, ushauri nasaha na ukusanyaji wa ushahidi vipatikane mahali pamoja, ili mtu asizungushwe hospitali nzima akieleza habari zake kwa kila mwenye koti jeupe. Ukifika pale na mgonjwa wako, taja kituo hicho moja kwa moja. Huna haja ya kutangaza mbele ya foleni kilichotokea.

Sasa nisemee jambo la nyumba zetu za Pwani. Mtoto wa kike akirudi katika hali ile, mkono wa kwanza wa mamake huenda kwenye maji. Anachemsha sufuria, anamwogesha, anamwambia atie nia aoge janaba, anafua nguo zote hadi shuka, anafukiza udi chumbani. Mapenzi yote ya mama yamo katika kazi ile. Anataka kumrudishia mwanawe utwahara wake, na hakuna anayestahili kumlaumu kwa hilo. Lakini maji yale huondoa pia mbegu za kiume, nywele na chembe za ngozi ambazo mkemia wa serikali angeweza kuzipima. Kwa hiyo nikishika simu mapema, namwambia: mamangu, josho litangoja saa chache. Mvishe nguo nyingine kama amevuliwa zile, asioge, asipige mswaki kama alilazimishwa mdomo, na akibanwa na haja ndogo asijipanguse. Nguo za siku ile zisifuliwe. Zitiwe kila moja katika karatasi yake, bahasha ya kaki au hata gazeti, zisitiwe katika mfuko wa nailoni, kwani nailoni hufungia unyevu na ukungu ukala kila kitu.

Na ikiwa ameshaoga? Aende vilevile, na nguo zilizofuliwa zibebwe vilevile. Dawa hazihusiani na kuoga, na wala kesi haifi kwa sababu hiyo. Nitaeleza mbele.

Nakumbuka leso moja ya kisutu. Mama wa binti alitaka kuichoma, na nikamwomba aibebe jinsi ilivyo. Nesi aliyetupokea aliitandaza juu ya karatasi kubwa nyeupe bila kuipiga kofi wala kuikung'uta. Aliangalia wapi kuna doa, akaandika. Ilipokauka aliikunja akiweka karatasi katikati ya kila kunjo ili doa lisigusane na sehemu nyingine, akaitia katika bahasha, akaandika tarehe, saa na jina lake, akaifunga kwa gundi, kisha akatia sahihi juu ya mfungo wenyewe, nusu huku nusu kule. Askari alipokuja kuichukua, naye akatia sahihi na saa. Ilikuwa kazi ya dakika chache. Nimekaa mahakamani nikasikia wakili wa utetezi akiuliza nguo ilikuwa wapi kutoka Jumamosi hadi Jumanne, nani aliishika, nani aliifungua, na upande wa mashtaka ukakosa jibu. Tangu hapo kila nikimwona mhudumu anatia sahihi juu ya mfungo wa bahasha, moyo wangu hutulia.

Halafu kuna karatasi zenyewe. Hospitalini hujazwa fomu ya huduma baada ya ubakaji, wenyewe huiita PRC, fomu namba 363 ya Wizara ya Afya. Ina michoro ya mwili mbele na nyuma, mhudumu huonyesha jeraha liko wapi, na ina sehemu ya pili ya hali ya akili ya manusura. Hujazwa nakala tatu: ya kwanza ni ya polisi, ya pili ni ya manusura mwenyewe, ya tatu hubaki hospitalini. Ile ya pili watu huisahau, au hawaambiwi kuwa ni haki yao. Iombe. Ipige picha kwa simu, kisha uiweke mahali pa kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa. Fomu ya P3, ya kuandika majeraha kwa ajili ya kesi, ni nyingine. Hiyo hutolewa na polisi, ikajazwa na daktari, ikarudi kwa polisi. Haiuzwi.

Angalia basi nani anayezibeba hizi. Hospitali imemaliza kazi yake, imempa bahasha. Polisi wanangoja ailete. Polisi wanampa P3, wanamwambia arudi hospitalini ijazwe. Daktari wa kuijaza yuko siku fulani tu. Akishaipata, airudishe kituoni, na mpelelezi ametoka. Mshauri amempa tarehe ya kurudi, inagongana na tarehe ya kuandikisha taarifa. Kila ofisi ina mtu mwema ndani yake, naamini hivyo kwa sababu nimewaona, lakini kati ya ofisi na ofisi hakuna mtu. Aliyeumizwa ndiye tarishi wa kesi yake mwenyewe, kwa miguu yake na kwa nauli yake, huku hajapata usingizi.

Kilio changu chote kiko hapo. Sheria tunayo. Dawa tunazo, angalau mara nyingi. Washauri wapo, ingawa ni wachache. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda naye.

Usiku mmoja tulivuka feri kutoka Likoni, kwa sababu kituo tulichoanzia upande ule hakikuwa na dawa zote. Aliyewahi kuvuka anajua watu wanavyojaa pale kwenye mteremko wakingoja lango lifunguliwe, kisha wote wanashuka kwa pamoja, bega kwa bega, pikipiki zikipita katikati. Msichana niliyekuwa naye aliganda. Hakulia, hakusema neno. Miguu tu ilikataa. Wanaume waliokuwa nyuma yetu wakaanza kusukuma, mmoja akafoka, "Dada, songa!" Nilimwambia mama mmoja wa makamo aliyebeba ndoo ya samaki, sikumweleza lolote ila, "Bi, nisaidie, mwanangu hajisikii." Akatua ndoo yake upande mmoja wa msichana, mimi nikasimama upande wa pili, na mwanafunzi mmoja mwenye begi la shule ambaye wala hatukumwita akaja akasimama nyuma. Tukavuka hivyo. Kama yule msichana angekuwa peke yake, nina hakika angegeuka arudi.

Watu huniuliza kwa nini aliganda kwenye feri kama hakuna aliyemtisha. Mwili una njia zake za kupokea hatari: hupigana, hukimbia, au huganda. Kuganda hakuchaguliwi. Ndiko kunakowafanya wengi wasipige kelele wakati wa tukio lenyewe, na baadaye mwili ule ule huganda tena kwa harufu, kwa kikohozi, kwa msukumo wa mtu nyuma ya mgongo. Kumbukumbu nazo huja vipande vipande. Leo anakumbuka rangi ya pazia na hakumbuki ilikuwa saa ngapi. Wiki ijayo saa inamrudia. Askari asiyefunzwa huona mtu anayebadilisha maneno. Mshauri huona mtu aliyeumia.

Kwa hiyo swali la "mbona hukupiga kelele?" linaniudhi sana, na halina msingi hata kisheria. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinasema mtu ameridhia pale alipokubali kwa hiari yake, akiwa na uhuru na uwezo wa kuchagua. Hakuna mahali kinapodai michubuko wala mayowe. Na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata ukidai alikufuata mwenyewe.

Ushauri nasaha ndio sehemu inayoachwa haraka zaidi. Dawa zinaonekana, P3 inaonekana, mazungumzo hayaonekani. Mama mmoja alinijibu kwa ukali, "Mwanangu hana wazimu, simpeleki Port Reitz." Kwetu Mombasa kumtaja mtu na Port Reitz ni kumwambia amerukwa na akili, na hofu hiyo huwafungia watu mlango. Nilimweleza kwamba mshauri yuko pale pale alipopewa dawa, chumba kina viti viwili na meza, na kazi yake ni kumsaidia mtoto alale tena, ale tena, aweze kukaa darasani bila kutetemeka. Hakukubali siku ile. Alikubali alipoona binti anazitapika tembe za PEP kila asubuhi na anataka kuziacha, kwa sababu kila tembe ilimkumbusha. Mshauri alimhamishia wakati wa kumeza, ikawa usiku baada ya chakula, na akamfundisha dada yake mkubwa akae naye dakika zile. Siku 28 zikaisha. Nimeona watu wengi wakiziachia njiani kwa kukosa mtu wa kukaa nao dakika zile.

Wapo wanaoanza kwa sheikh au kwa mchungaji. Sina ugomvi nao hata kidogo. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, na dua zimetulinda sisi na wazee wetu, na mtu aliyevunjika moyo anahitaji kusikia jina la Mola wake. Ninachoomba ni kwamba ustadh akiletewa mtoto usiku, awe wa kwanza kusema: mpelekeni hospitali, kisha mje tusome. Namjua mmoja anayefanya hivyo, na huwapa nauli.

Sasa kumalizana nyumbani. Siku chache baada ya taarifa kuandikishwa, hodi hupigwa. Huja mjomba wa mtuhumiwa, mzee wa mtaa, pengine na shangazi mwenye maneno laini. Wamebeba pesa kidogo na hoja kubwa: tufunike kombe, huyu binti ataolewa na nani, sisi ni jirani, sisi ni ndugu. Familia iliyopungukiwa na unga husikiliza. Siwalaumu kwa njaa yao, lakini nawaeleza lililo wazi: kesi ya ubakaji au ya unajisi si mali ya familia. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinaacha uamuzi wa kusimamisha mashtaka mikononi mwa mkuu wa mashtaka ya umma. Mzee wa mtaa hana mamlaka hayo, wala baba mtu hana. Na makosa haya ni mazito: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo kifungo chake ni cha maisha, wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 20, wa 16 na 17, si chini ya miaka 15. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba vifungo hivyo vya chini vilivyowekwa na bunge vinabaki kuwa sheria.

Wavulana pia. Tunawasahau, na wao wenyewe hunyamaza zaidi kwa sababu wameambiwa mwanamume halii. Sheria inamlinda kila mtu, fomu ni ile ile, dawa ni zile zile. Baba mmoja aliyekuja na mwanawe alikaa nje ya chumba saa nzima, kofia mkononi, na kila nesi alipotoka alisimama. Laiti kina baba wote wangekuja namna hiyo.

Polisi wana madawati ya jinsia, na askari wa kike aliyefunzwa anaweza kukuondolea nusu ya hofu. Pia nimekaa katika kituo kimoja ambapo binti aliambiwa aeleze kisa chake juu ya kaunta, watu wakiingia kuripoti simu zilizoibwa. Hapo ndipo msindikizaji ana kazi: kuomba chumba, kuomba askari wa dawati la jinsia, kuhakikisha namba ya OB imeandikwa na ameondoka nayo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru, mbele ya Jaji Makau, iliamua kwamba polisi walivunja haki za kikatiba za wasichana walionajisiwa kwa kutochunguza malalamiko yao ipasavyo. Uchunguzi wa haraka na wa kweli ni deni la serikali, na mtu anayeudai hasumbui mtu yeyote.

Mahakamani ndiko safari huwa ndefu. Mwaka 2022 Jaji Mkuu Martha Koome alizindua Shanzu mahakama maalumu ya kesi za dhuluma za kingono na kijinsia, ya kwanza nchini, na sisi wa Mombasa tulifurahi kwa sababu tulikuwa tumeona kesi za watoto zikiahirishwa mpaka mtoto anakuwa mtu mzima. Manusura anaweza kutangazwa shahidi anayehitaji ulinzi maalumu, chini ya kifungu cha 31 cha Sheria ya Makosa ya Ngono: akatoa ushahidi nyuma ya pazia, au kupitia mtu wa kati anayemsemea, bila kutazamana na mshtakiwa. Historia yake ya mapenzi haichimbuliwi ila kwa idhini ya mahakama. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema kama mnataka ulinzi huo. Msingoje mpaka jina liitwe.

Niliahidi kurudi kwa aliyeoga. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinairuhusu mahakama, katika makosa ya ngono, kumtia mshtakiwa hatiani kwa ushahidi wa manusura peke yake, mradi imeridhika kuwa anasema kweli na imeandika sababu zake. Mahakama ya Rufaa nayo, katika rufaa iliyotoka hapa Mombasa, ilisema kukosekana kwa ushahidi wa daktari hakumalizi kesi, kwani ubakaji unaweza kuthibitishwa kwa maneno ya aliyebakwa au kwa mazingira ya tukio. Kwa hiyo hata aliyeoga, hata aliyenyamaza mwezi mzima, hata yule ambaye leso yake ilichomwa, bado ana la kusema na bado ana wa kumsikiliza. Mawakili wa FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, wana ofisi hapa mjini, na wamewasaidia wengi wasio na uwezo wa kulipa wakili wa kuwafuatilia kesi.

Ningependa kaunti yetu itenge pesa za wasindikizaji. Sizungumzii warsha za hotelini Nyali zenye mabango na chai. Nazungumzia nauli, simu yenye chaji, nguo za kubadilisha hospitalini, chakula cha kumezea dawa, na posho ya mtu anayejulikana mtaani ambaye anaweza kugongewa mlango saa nane usiku. Wahudumu wa afya ya jamii tayari wanazijua nyumba hizi. Wafunzwe, walipwe, wapewe kitambulisho ambacho askari wa zamu atakiheshimu.

Mpaka hapo, tunaenda sisi. Ukiombwa kumsindikiza mtu, beba leso mbili, maji, kalamu na bahasha za kaki. Usimwulize yaliyotokea, ataeleza kwa anayehusika, na kila kusimulia humchosha. Usimwahidi kwamba watamfunga mtu, huna uwezo huo. Andika saa mlizofika kila ofisi na jina la aliyewahudumia. Mwulize kila hatua kama yuko tayari kuingia, na akisema bado, kaeni nje kidogo, ila macho yako yawe kwenye saa kwa ajili ya dawa. Na kama ni wewe uliyeumizwa na huna wa kumwambia nyumbani, piga 1195, ni bure, usiku na mchana. Kwa mtoto ni 116. Waambie uko Mombasa na utaje mtaa, ili wakuelekeze kwa aliye karibu nawe.